Kinyota Mbele ya Jina la Babu

Arua, Jumatatu 4 Agosti 2025

Dada yangu Ruqaiya,

Assalaam alaykum. Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa kutambua uzito wa jambo lenyewe, natangaza rasmi kwa ukoo wote wa marehemu Tahiru, walioko Arua, walioko Koboko na waliotawanyika, kwamba tangu Jumamosi iliyopita saa nne asubuhi, mimi Latifu nina miwani. Hakuna aliyejeruhiwa. Fremu ni nyeusi. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wamekwisha nipa jina jipya, nalo ni jina la ndege. Sitaliandika hapa.

Nakuandikia kwa karatasi kama ulivyoagiza. Ulisema maneno ya cherehani hutaki tena kuyasoma kwenye kundi la ukoo la simu, kwa sababu mtu anaandika, akijibiwa anafuta. Haya, wino haufutiki. Soro anapita kwako na lori lake kila akienda Oraba, yeye ndiye posta yetu.

Sasa sikia miwani hii imeona nini. Unamkumbuka Celestino, yule kijana wa Yei mwenye duka la fotokopi karibu na soko? Kijana nasema mimi, ana wajukuu. Amenitolea kwenye kompyuta kitabu cha zamani, cha mwaka 1938, cha majina ya wafanyabiashara na wakazi wa Uganda nzima. Wachapaji walikuwa wanapeleka fomu kila mji: nani anakaa hapa, anafanya kazi gani. Kisha wanapanga mji kwa mji. Arua ina kurasa tatu. Katika wa kwanza na wa pili wamejaa Wahindi wa maduka na matangazo ya mafuta ya taa. Katika wa tatu, chini kabisa, wamebanwa wetu kama wageni waliochelewa karamu. Na pale, dada, pale: Tahiru, fundi cherehani, Arua.

Babu yetu! Amechapishwa! Tena mbele ya jina lake kuna kinyota. Mchinjaji aliye juu yake hana nyota. Nadhani ni alama ya heshima, pengine alishona kwa Bwana DC.

Unajua ninachotaka kusema. Shangazi Madinah aliposema macho yake yanaondoka na anataka kuigawa cherehani ya baba yake kabla hayajaondoka yote, alitamka mbele yetu sote: "Cherehani itaenda kwa nyumba ile baba alikuwa nashonea mwisho. Nyinyi iko na shule, tafuta." Nimetafuta. Babu alifariki mwaka 1941. Mwaka 1938 alikuwa fundi wa Arua. Siku ya dua ya kuwaombea marehemu wetu, Jumapili 28 Septemba, nitausoma ukurasa huu mbele ya ukoo.

Usinune. Utakuja kuitazama wakati wowote upendao.

Ndugu yako mwenye macho manne,
Latifu


Koboko, 9 Agosti 2025

Kaka Latifu,

Wa alaykum salaam. Hongera kwa miwani. Sasa utaona vizuri nani anakuchekea.

Kuja kuitazama, umesema. Mimi nashona sare za shule miaka thelathini na moja kwenye soko hili, wewe huwezi kurudisha kifungo cha shati lako mwenyewe, halafu mimi ndiye nije kuitazama.

Nikuambie tena yale ambayo haboba, bibi yangu Mariam Poni, alituambia kila mara, ili yakae kwenye karatasi. Babu alimwoa haboba yako Zuhurah kwanza, Arua, ni kweli. Kisha akamwoa Mariam Poni, binti wa Kikakwa wa Lurujo, akahamia naye Koboko. Alishonea kibarazani kwake. Haboba alikuwa anazungusha gurudumu kwa mkono, babu anaongoza kitambaa, kwa sababu bega la kulia la babu lilikuwa bovu. Alipougua sana alipelekwa hospitali ya Arua, akafia huko, mkamzika huko. Matanga yalipoisha walikuja wajomba zako wa upande wa Zuhurah, wakaichukua cherehani kibarazani. Ninyi mnasema ilikuwa Arua siku zote. Sisi tunasema ilibebwa.

Mna kaburi. Mna jina. Mlipata shule. Tuliporudi kutoka Sudan, wewe ulipanda lori kwenda bweni na sanduku la bati lililopakwa buluu, mimi nikabaki nikipunga mkono na sindano kidoleni. Leo mnataka na cherehani. Hebu niachieni hata uzi.

Mwalimu, naomba majibu mawili. Moja: kitabu hicho kinasemaje kuhusu Koboko? Mbili: hiyo nyota ni ya nini? Usinijibu kwa "nadhani". Uliza.

Dada yako,
Ruqaiya


Arua, 17 Agosti 2025

Dada Ruqaiya,

Nimepokea barua yako, nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza bila miwani nikidhani umenipongeza.

Majibu. Koboko haina ukurasa wake katika kitabu kile. Kuna Arua, inafuata Fort Portal. Nyota, basi, wachapaji wa zamani walipenda urembo. Tusiipe maana kubwa.

Kuhusu sanduku la bati: lilikuwa na mashati mawili na kunguni. Umekionea wivu miaka arobaini kitu ambacho ningekupa siku ileile ungeomba.

Na kwa kuwa tumefungua masanduku, acha nami nifungue langu. Unakumbuka Idi ile tulipokuwa wakimbizi, ng'ambo ya mto Kaya, Sudan? Mimi nina miaka kumi na mmoja, wewe tisa. Shangazi Madinah alikuwa ameibeba cherehani ile kichwani njia nzima kutoka Arua, watu wakimwambia atupe jiwe hilo, yeye anasonga. Idi ikafika hakuna nguo. Akachukua pazia la maua mekundu, akakata, akashona. Mtoto aliyepewa gauni alikuwa wewe. Gauni zima, lina mikono, lina ukanda. Mimi nilipewa vipande vilivyobaki: mfuko mmoja. Si shati lenye mfuko. Mfuko! Akaushonelea kwenye shati langu kuukuu, nikazunguka kambi nzima na maua mekundu kifuani kama bahasha yenye stempu.

Niliishi naye nyumba moja, nilimchotea maji, mama yangu ndiye aliyekuwa wifi yake. Gauni likaenda kwa mtoto wa Koboko. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita kukumbuka jambo hilo ni aibu, najua. Nimelikumbuka kila Idi.

Nitausoma ukurasa.

Latifu


Koboko, 20 Agosti 2025

Bwana Celestino,

Salamu. Mimi ni Ruqaiya, mshonaji wa Koboko, dada ya Mwalimu Latifu. Naomba nitolee kopi ya kile kitabu cha majina cha zamani ulichomtolea kaka yangu, kurasa za Arua zote, na yoyote inayoeleza maana ya alama. Malipo yako kwa Soro. Nakuomba pia usimwambie Mwalimu. Si ugomvi. Nataka kuona tu.

Ruqaiya


Arua, 22/8/2025

Mama Ruqaiya,

Salamu nyingi. Kopi iko ndani ya bahasha, ya Arua tatu na ya mbele moja.

Ya mbele hiyo ndiyo inasema mambo ya nyota. Kizungu yake ngumu kidogo lakini maneno ni haya: mutu anakaa mahali hakuna posta, wameandika jina yake kwa mji ule barua yake nafikia, wameweka nyota. Halafu iko orodha. Nyota ya Arua, wameandika: watu wa Koboko.

Mwalimu siku ya kwanza alichukua ya Arua peke yake. Juzijuzi alirudi, akauliza nyota ni nini. Tulitafuta sisi wawili, tukaipata. Alisoma mara tatu. Akavua miwani, akapangusa na shati, akasoma tena. Nikauliza, Mwalimu nitoe kopi? Akasema hapana, hii wacha. Mimi mutu wa mashine, sikuuliza. Wewe umeomba, nimekupa. Nikisema uongo juu ya karatasi, duka yangu itakuwa ya nini?

Celestino


Arua, 8 Septemba 2025

Dada Ruqaiya,

Mbona kimya? Soro anapita mikono mitupu. Nikamuuliza, "Dada yangu yuko?" Akasema, "Iko, nashona tu." "Amesema nini?" "Amesema salimia Mwalimu." Ndivyo hivyo. Wiki tatu, salamu moja, tena kavu kama mkate wa kisra wa jana.

Hujanitukana kuhusu ule mfuko. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa hata nimekwisha andika jibu.

Mipango ya dua inaendelea. Mzee Muzamili atasimamia, kwa kuwa ndiye mkubwa wa wanaume waliobaki, na kwa kuwa hakuna awezaye kumzuia. Nimefanya mazoezi ya kusoma mbele ya kioo. Sauti ni nzuri. Uso unanitazama vibaya.

Shangazi anakuulizia kila siku. "Ruqaiya nakuja lini? Ruqaiya alikula?" Mimi niliyempelekea uji naambiwa, "Weka hapo."

Andika hata neno moja la ukali.

Latifu


Koboko, Jumatano 24 Septemba 2025

Kaka Latifu,

Sitakuja kwenye dua. Ni goti. Limevimba, na barabara unaijua.

Nimempa Soro ufuta, karanga na kifurushi cha nguo. Ufuta na karanga ni za wageni. Kifurushi mpe Shangazi mkononi, usimpe mtu mwingine.

Ni kifuniko cha cherehani. Si changu, alikishona babu. Siku wajomba zako walipokuja, haboba alikuwa amekifua, kiko kwenye kamba. Walichukua mashine iko uchi. Hawakuuliza kifuniko, na yeye hakuwaambia. Akakikunja akakiweka, akisema labda watarudi kukifuata, na mashine yenyewe wameibeba. Tulipokimbilia Sudan watu walibeba sufuria, kuku, godoro. Yeye alibeba kifuniko kisicho na kitu ndani. Mimi nilikiona kwa mara ya kwanza alipokuwa anakufa, ndipo aliponipa.

Sikukutajia mapema kwa sababu ungesema kila fundi ana kifuniko, na ungekuwa umesema kweli. Hiki si ushahidi. Ni nguo tu. Ikiwa cherehani itabaki Arua, basi isikae uchi.

Ukisoma, vaa miwani yako. Soma polepole. Una sauti nzuri, ulikuwa nayo tangu utoto, hilo nalo nilikuonea wivu.

Dada yako,
Ruqaiya


Arua, Alhamisi 2 Oktoba 2025

Dada yangu Ruqaiya,

Leo hakuna tangazo. Watu watakuja kwako na habari za dua, na kila mmoja atakuambia nilivyofanya jambo kubwa. Usiwaamini. Nataka usome yaliyotokea kweli, kutoka kwa yule aliyeyatenda.

Kwanza, nyota. Ulipoandika "uliza", niliuliza. Nilikwenda kwa Celestino, tukaupata ukurasa wa mbele wa kitabu. Ukurasa huo unasema wenye nyota katika orodha ya Arua ni watu wa Koboko, waliowekwa Arua kwa kuwa Koboko hapakuwa na posta. Babu alipokea barua Arua. Kushona, alishona kwenu. Nililijua hilo siku tatu kabla sijakuandikia kwamba nyota ni urembo. Sikusahau, sikukosea. Nilificha. Sentensi ile ya "Koboko haina ukurasa wake" niliifurahia hata nikaisoma kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa kweli kabisa na uongo kabisa.

Jumapili, dua ilipokwisha, nilisimama. Nilivaa miwani. Nilisoma: Tahiru, fundi cherehani, Arua. Nyota nikairuka kama mtu anavyoruka dimbwi. Watu wakasema Allahu akbar. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Muzamili akasema, "Mwalimu amemaliza maneno. Cherehani iko ya Arua." Kisha, dada, nilikaa nikala. Wasikudanganye kwamba nilitetemeka. Nilikula vizuri. Nilikuwa na paja la kuku mkononi.

Hapo ndipo nikakumbuka kifurushi chako. Nilikuwa nimekiweka chini ya kiti changu tangu asubuhi, na ukweli ni kwamba nilikuwa natarajia kukisahau. Nikampelekea Shangazi. Hakuuliza ni nini. Alikishika kwa vidole, akafuata pindo lote mpaka akafika kwenye ule mkato wa upande, unapotokea mkono wa gurudumu. Akasema, "Nileteeni mashine." Wakaileta. Akaivisha mwenyewe, kwa macho yale yasiyoona. Kiliingia chote mara moja, bila kuvuta. Mkato ukakaa juu ya mkono wa gurudumu, na pale pembeni palipo na ile nundu ya chuma isiyo kwenye cherehani nyingine, babu alikuwa ameshonea kiraka cha ngozi ili isikwaruze. Kiraka kikakaa juu ya nundu.

Shangazi akaweka viganja viwili juu yake. Akasema, "Nilikuwa nasikia sauti ya hii mashine, na mama mmoja anaimba Kikakwa. Miaka yote nafikiri nimeota. Mama yangu alikuwa nasema, wewe umeota." Akapapasa mkono wa gurudumu. "Huyo mama alikuwa nazungusha."

Alikuwa na miaka mitatu, Ruqaiya. Lazima walimpeleka Koboko kumwona baba yake mgonjwa.

Nikasimama. Muzamili akasema, "Mwalimu, umesimama mara ya pili, nyama haikutosha?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, na kwa sekunde moja nilitaka kusema ndiyo, haikutosha, niketi, mambo yaishe. Nikawaambia habari ya nyota badala yake. Niliieleza vibaya. Nilichanganya posta na hospitali, paja la kuku bado liko mkononi, ikabidi nianze upya. Nikasema nilijua tangu Agosti. Nikasema ni kwa sababu ya gauni la pazia. Hakuna aliyejua gauni gani.

Shangazi alijua. Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Latifu, weye! Pazia ilikuwa kidogo. Mtoto wa kike hakuwa na kitu mwilini, mama yake alikufa njiani. Wewe ulikuwa na shati."

Nilikuwa na shati. Miaka arobaini na tano, na jibu lilikuwa hilo. Nililisahau kifo cha mama yako njiani, nikaukumbuka mfuko. Hilo silielezi, nalisema tu.

Wasikuambie basi kwamba nilisimama kwa ajili ya haki. Haki niliikunja nikaiacha kwenye duka la fotokopi. Kilichonisimamisha ni kitambaa. Usingetuma kifuniko kile, leo cherehani ingekuwa mezani kwangu, nikiwaonyesha wageni kitu nisichoweza hata kukitia uzi.

Bado kuna moja. Jumatatu nilikwenda kwa Celestino kuchukua kopi ya ukurasa wa mbele, nikutumie pamoja na barua hii, nijione mtu mwema. Akaniangalia. "Mwalimu, ya Koboko tena? Mama Ruqaiya iko nayo tangu Agosti."

Nikaketi kwenye kile kibao chake cha wateja.

Ulikuwa nayo. Wiki tano. Ukurasa mmoja tu kwa Muzamili, na ningebaki mwongo mbele ya ukoo mpaka kufa. Ukakaa nao kabatini ukanitumia ufuta. Na goti, dada, Soro anasema siku ile ya dua alikuona sokoni umebeba belo la kitambaa cha sare begani, unapanda ngazi. Hukuja ili nikisimama kusema uongo, wewe usiwepo wa kunitazama. Au uliniachia nafasi ya kusema kweli bila kusukumwa. Sijui ni lipi. Usiniambie.

Cherehani inakuja na Soro, imevaa nguo yake. Nimeitia mafuta mwenyewe, nikamwaga mengi mno, utaona kwenye pembe ya barua hii. Kabla sijaifunika nilizungusha gurudumu mara moja, Shangazi akiwa karibu. Akasema nazungusha vibaya, nazungusha kama mtu anayesaga nyama.

Yule binti wa Lurujo lazima alizungusha polepole. Na wewe utazungusha polepole, na Shangazi ameniambia nimpeleke Koboko kusikiliza, akasema akae kwako mwezi mzima, na hakuniuliza mimi nitakula wapi.

Nilipokuwa nakunja barua hii nilitaka kuandika kwamba wivu umekwisha. Nimeandika uongo wa kutosha mwaka huu. Nimeufikiria ule ukurasa uliouficha kabatini wiki tano bila kuniaibisha nao, nikaufikiria wangu nilioukimbia, na kwa moyo huo nimekuonea wivu vibaya kuliko siku ya gauni.

Ndugu yako,
Latifu